Macho Kwanza, Mafua Baadaye: Mjadala wa Kigera

Hoja iliyo mezani ni hii: mtoto wa paka aliyezibwa macho na matongotongo, anayepiga chafya wiki ya tatu sasa na kamasi halikauki, auguzwe au aachwe? Katika kata ya Kigera, Manispaa ya Musoma, hili si swali la watu wasio na kazi. Ziwa Nyanza liko jirani, dagaa huingia majumbani kwa magunia, panya hufuata dagaa na mahindi, na paka hufuata panya. Paka huyo huzaa. Hapa karibu na ikweta, ambako mchana haurefuki wala haupungui sana mwaka mzima, jike anaweza kuzaa mwezi wowote. Mimba yake huchukua siku 63 hadi 65 hivi, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha. Ndiyo maana watoto wa paka wenye macho mabovu hawana msimu.

Wanaozungumza hapa sikuwapa majina. Ni sauti nne nilizozikusanya kwenye mkeka mmoja: Mzee mwenye shamba na ng'ombe wachache, Mama anayeanika na kuuza dagaa, Dada wa duka la dawa, na Daktari wa mifugo ambaye bado kijana. Maneno nimeyapanga mimi. Hoja zenyewe ni zile zinazosikika barazani kila paka anapozaa. Upande wangu ninao na nitausema.

MZEE: Naanza mimi, maana najua ndiye nitakayeitwa katili. Paka hakuletwa nyumbani kuuguzwa, aliletwa kulinda ghala. Akizaa wanne, wawili wakafa kwa mafua, wale wawili waliobaki ndio wenye damu ngumu. Ukimwokoa aliye dhaifu, kesho atakuzalia dhaifu wenzake. Halafu kuna fedha. Ng'ombe wangu akishikwa na ndigana nitauza hata mbuzi nimtibu, kwa sababu ng'ombe ni ada ya shule na ni mahari. Mtoto wa paka mwenye jicho bovu ni nini? Jirani atanipa mwingine kesho, bure.

MAMA: Mzee wangu, huyo wa bure atakuja na mafua yale yale. Mimi nimeshachukua wa bure. Alikuja mzima, siku ya tano akaanza chafya, siku ya nane jicho likafunga. Wewe unahesabu ng'ombe, mimi nahesabu magunia. Panya akitoboa gunia la dagaa, hasara si kile alichokula. Ni kinyesi alichoacha humo na mteja anayegeuza uso. Paka jike ninayemtegemea alikuwa mmoja wa hao unaosema waachwe. Jicho lake la kushoto lina ukungu mpaka leo, na panya wanamjua.

MZEE: Huyo ana roho ya paka kweli. Mmoja aliyepona hafanyi sheria.

MAMA: Hakupona mwenyewe. Nilimfuta macho asubuhi, mchana na jioni.

DAKTARI: Naomba niingie hapo, maana tunabishana juu ya ugonjwa ambao hatujautaja. Tunachokiita mafua ya paka ni magonjwa kadhaa yanayofanana kwa sura. Virusi wawili ndio wenye sehemu kubwa: herpesi ya paka na kalisi. Herpesi hupenda pua na macho. Jicho huvimba, hutoa machozi, na kioo cha jicho hupata vidonda. Kalisi hupenda mdomo. Ukimwona anadondosha ute na kukataa chakula, mfunue mdomo, utaona vidonda kwenye ulimi. Halafu kuna bakteria. Klamidia ya paka huanza mara nyingi na jicho moja, siku chache baadaye likafuata la pili, na ngozi laini ya ndani ya kope huvimba hadi jicho linaonekana limezama. Na kuna maikoplazima. Mtoto mmoja anaweza kuwa nao wawili au watatu kwa wakati mmoja.

MZEE: Na hiyo herpesi inatoka wapi? Paka wangu hatembei kwa malaya.

DAKTARI: Inatoka kwa mama yake, Mzee. Paka akishaambukizwa, mara nyingi virusi hawatoki tena mwilini. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu ya uso, wakalala. Paka akipata msukosuko, wanaamka. Kuzaa na kunyonyesha ni msukosuko. Mama anaonekana mzima kabisa, anawalamba watoto wake, na katika kulamba huko anawaambukiza. Kinga waliyoipata kwenye maziwa ya kwanza huwalinda wiki chache tu. Ndiyo maana wengi huanza kuumwa wakiwa na wiki nne hadi nane.

MAMA: Hapo umenijibu jambo lililonisumbua siku nyingi. Wanazaliwa wazuri, wanafungua macho vizuri, halafu ghafla wanaharibika.

MZEE: Basi mura, umenisaidia mimi. Ugonjwa uko kwenye damu ya ukoo. Waache wanyonge wafe, ukoo utasafika.

DAKTARI: Serengeti imeshafanya jaribio hilo, Mzee, na liko mkoani kwetu hapa hapa. Simba wa Serengeti hakuna anayewafuta macho. Mnyonge hufa, mwenye nguvu hubaki. Watafiti walipopima damu za simba hao, karibu wote walikutwa na dalili kwamba herpesi ya paka imeshawapitia. Vizazi kwa vizazi vya kuachiana hivyo, na ugonjwa haukuondoka, kwa sababu wanaoubeba ni hao hao wenye nguvu waliobaki. Kufa kwa mnyonge hakusafishi ukoo. Kunapunguza idadi tu.

Hapa mimi mwandishi nasimama kidogo. Hoja ya Mzee ya damu ngumu ndiyo inayoua watoto wengi wa paka katika vijiji vyetu, kwa sababu inasikika kama busara. Tumeirithi kutoka kwa ng'ombe na kuku, ambako kuchagua mbegu kuna maana. Lakini kama alivyosema Daktari, aliyepona ndiye mbebaji. Anayefia pembeni ya jiko hakufa kwa ubaya wa mbegu. Kwa kawaida amekufa kwa kiu, kwa baridi na kwa njaa, maana pua imeziba na paka asiyesikia harufu hali. Vitu hivyo vitatu haviponywi na daktari. Vinaondolewa na mtu aliyeko nyumbani. Simba nao wana somo jingine: mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa, iliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, takriban 1,000, na tangu hapo chanjo kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi imekuwa kazi ya kudumu. Afya ya mnyama wa nyumbani haikai nyumbani peke yake.

Tuendelee, maana sasa linakuja jambo la dawa.

DADA WA DUKA LA DAWA: Mimi nina maungamo ya watu wengine. Mtu anakuja dukani, anasema, nipe dawa ya macho. Namuuliza ni ya nani, mtu mzima au mtoto? Anasema mtoto. Namuuliza umri, anababaika. Baadaye ndipo najua mtoto mwenyewe ni wa paka. Wengine huchagua wenyewe kwa rangi ya boksi: ile iliyomsaidia shangazi, ndiyo hiyo hiyo. Nao hupenda matone yenye deksamethasoni ndani, kwa sababu jicho linakauka wekundu siku hiyo hiyo.

DAKTARI: Dada, hayo matone ndiyo yaliyonipofushia wagonjwa wengi kuliko virusi wenyewe. Naomba nieleze taratibu. Deksamethasoni, prednisoloni na ndugu zao hutuliza uvimbe kwa kuzuia askari wa mwili wasipigane. Jicho lenye herpesi lina kidonda kwenye kioo, mara nyingi kidogo kiasi kwamba huwezi kukiona bila kutia rangi maalumu inayong'aa kijani. Ukitia matone hayo, wekundu unaondoka, mwenye paka anafurahi, na chini yake kidonda kinachimba. Baada ya siku kadhaa kioo kinaweza kutoboka. Jicho lililotoboka halirudi. Ukiwa huna uhakika kama kuna kidonda, na nyumbani huwezi kuwa nao, usitie.

MAMA: Sasa tutie nini? Maana ukikataza bila kutoa, mtu atarudi kwa boksi la shangazi.

DAKTARI: Mafuta ya macho ya tetrasaiklini asilimia 1. Hayaui virusi, lakini yanapiga klamidia na maikoplazima, na yanazuia bakteria wengine kuvamia kidonda.

DADA: Ni yale yale tunayopaka macho ya watoto wachanga kliniki wakizaliwa. Bei yake ni ndogo.

DAKTARI: Ni hayo. Mstari mwembamba ndani ya kope la chini, mara tatu au nne kwa siku, baada ya kusafisha. Ncha ya tyubu isiguse jicho, na tyubu ya paka isirudi kwenye jicho la mtu. Baadhi ya paka mafuta haya huwawasha. Jicho likizidi kuvimba baada ya kupaka, acha umlete. Na kama ni klamidia, mafuta peke yake hayatoshi, kwa sababu vimelea wako pia puani na tumboni. Hapo tunatumia doksisaiklini ya kumeza kwa wiki nne.

MZEE: Wiki nne! Mimi mwenyewe sijawahi kumeza dawa wiki nne.

DAKTARI: Ndipo tatizo lilipo, Mzee. Siku ya sita jicho linafunguka, paka anacheza, dawa inawekwa darini. Wiki ya tatu ugonjwa unarudi, watu wanasema paka huyu ana mafua yasiyosikia dawa. Dawa ilisikiwa. Iliachwa.

DADA: Na hapo ndipo sisi wa dukani tunaumia. Serikali ilitoa mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ule wa 2017 hadi 2022, na uliwaweka binadamu na mifugo pamoja. Mtu akija kununua vidonge viwili vya doksisaiklini vya paka, ananiweka pabaya. Vidonge viwili havitibu chochote. Vinafundisha wadudu tu. Mimi nasema wazi: kama huna nia ya kumaliza dozi, bora usafishe kwa maji tu kuliko kuanza.

DAKTARI: Nakuunga mkono. Na vidonge vile vya miligramu 100 vya watu si vya kukata kwa jicho nyumbani. Dozi hupimwa kwa uzito. Tena doksisaiklini ikikwama kwenye koo la paka huweza kuunguza umio, ukabaki na kovu, paka akapata shida ya kumeza. Ukimpa, mfuatishie maji au chakula laini hapo hapo.

MAMA: Na Panadol? Kuna mtu aliniambia nisage robo, nimpe kwa maziwa, homa ishuke.

DAKTARI: Mama, huyo mtu alikupa sumu. Ini la paka halina njia ya kuivunja parasetamoli kama letu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa. Mtoto wake, kipande tu. Fizi hugeuka rangi ya udongo au bluu, uso unavimba, pumzi inakatika. Na kwa kuwa leo nimetaja neno herpesi, najua kuna kijana atakayekwenda kutafuta asaiklovia kwa sababu inatibu mkanda wa jeshi. Asaiklovia ya kumeza nayo ni sumu kwa paka.

DADA: Nitaandika kwenye karatasi, niibandike kaunta.

MZEE: Na ile OTC, oksitetrasaiklini ya ng'ombe, asilimia 20? Kila nyumba yenye ng'ombe ina chupa.

DAKTARI: Chupa ile imetengenezwa kwa mnyama wa kilo mamia. Mtoto wa paka wa wiki sita hafiki kilo moja. Tone likizidi kidogo kwenye bomba la sindano, umeshazidisha mara nyingi, na mahali ulipochoma panaweza kuoza. Iache kwa ng'ombe.

Nimeipa sehemu hii nafasi ndefu makusudi. Ningeulizwa ni kitu gani kimoja ningetaka kibadilike Kigera, nisingetaja chanjo wala hospitali kubwa. Ningetaja yale matone ya deksamethasoni. Umaskini una lawama zake, lakini jicho lililotobolewa na dawa iliyonunuliwa kwa fedha halikuharibiwa na umaskini. Liliharibiwa na haraka ya kutaka wekundu uondoke leo.

MZEE: Sawa. Tuseme sitii matone, sitoi Panadol, na daktari yuko mbali. Huyu mama anamfanyia nini paka wake mpaka anapona? Tusikie la mikononi.

MAMA: Hakuna uganga. Nachemsha nusu lita ya maji, natia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, naacha yapoe yawe vuguvugu. Nachukua pamba, nalowesha, naiweka juu ya jicho lililofunga, nahesabu polepole mpaka gamba lilainike. Sivuti. Gamba likilainika linatoka lenyewe. Nafuta kutoka pembe ya puani kwenda nje. Pamba ya jicho hili haiendi jicho lile, na ya mtoto huyu haiendi kwa mwenzake. Halafu pua, vivyo hivyo, maana pua ikiziba hata chuchu ya mama yake haioni.

DAKTARI: Niongeze moja. Kuna wachanga ambao macho hayajafunguka, chini ya wiki mbili, na unaona kope limevimba kama kuna punje chini yake. Humo kuna usaha. Watu husema tusubiri siku zake zitimie. Usisubiri. Usaha ukikaa ndani unakula jicho. Lainisha kwa maji hayo hayo ya vuguvugu mpaka kope liachane, usaha utoke, kisha mafuta. Ukishindwa, huyo ni wa kuletwa siku hiyo hiyo.

MAMA: Kula sasa. Mtoto mwenye mafua ukimwekea ugali mkavu hatauona. Mimi nachemsha dagaa wachache bila chumvi, bila kitunguu, nawaponda kwenye maji yao, nampa wakiwa wa moto wa kuvumilika. Harufu ya dagaa wa moto inapita hata kwenye pua iliyoziba nusu. Akikataa, nampaka kidogo mdomoni alambe. Maziwa ya ng'ombe nimeacha, yanawaharisha.

DAKTARI: Umeacha kwa haki. Maziwa ya ng'ombe yana sukari nyingi kuliko tumbo la paka linavyoweza, na mafuta na protini pungufu ya anayohitaji. Kwa mchanga asiye na mama, bora umtafutie jike mwingine anayenyonyesha. Na kitunguu nakipigia mstari, kinaharibu damu ya paka.

MZEE: Na analala wapi? Maana watoto wa paka ukiwatafuta utawakuta jikoni, pembeni ya mafiga.

DAKTARI: Hapo umegusa jambo ambalo wengi hawalioni, Mzee. Wanafuata joto, nao wanalihitaji. Mtoto wa paka mgonjwa akipoa, tumbo linasimama, hata ukimlisha chakula hakimsaidii. Lakini jikoni kuna moshi wa kuni siku nzima, na moshi kwenye jicho lenye kidonda na pua iliyochubuka hauachi kitu kipone. Boksi, gunia kavu, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, chumba kingine. Ukiwa na mizani ndogo ya dukani, mpime kila siku. Anayekua vizuri huongeza gramu kumi au zaidi kwa siku. Uzito ukisimama, hatari imeanza hata kama jicho linaonekana afadhali.

MAMA: Na wajukuu zangu wanaowabeba? Watapata hayo mafua?

DAKTARI: Herpesi na kalisi za paka haziwapati watu. Klamidia ya paka imewahi kuingia jicho la mtu, ni mara chache sana. Sabuni na maji baada ya kumshika, na mtoto asilale naye uso kwa uso. Inatosha.

MZEE: Basi nitaje hoja yangu ya mwisho, nayo ndiyo nzito. Mmesema virusi hawatoki. Mmesema anabaki mbebaji. Mama huyu amemfuta, amemlisha, amemponya, na sasa amemwachia mtaani paka atakayepiga chafya kwenye nyua za watu wote, na mwenyewe kila baada ya miezi miwili pua inaziba tena. Mmeokoa nini?

Hili ndilo swali ambalo wapenda wanyama hulikwepa, na Mzee ana haki ya kujibiwa.

DAKTARI: Ni kweli, Mzee, wengine hawaponi kabisa. Herpesi ikiwa kali kwenye pua changa, hula vile vifupa vyembamba vya ndani ambavyo hupasha na kuchuja hewa. Vikishaharibika, kamasi hukaa, bakteria huota humo, paka anakoroma maisha yake yote. Antibiotiki ikimsafisha leo, mwezi ujao kamasi limerudi. Huyo sitamwahidi mtu kwamba nitamponya. Lakini anakula, anacheza, anaua panya. Kuhusu kuwaambukiza wengine, paka wa mtaani wengi wameshakutana na virusi hao kabla yake, kutoka kwa mama zao. Kumwondoa yeye hakupunguzi kitu. Kinachopunguza ni kumtenga wakati anatoa makamasi, kuosha vyombo vyake, maana kalisi huweza kukaa wiki kadhaa kwenye sakafu na sahani, na kupunguza misukosuko inayowaamsha virusi.

MAMA: Msukosuko wa huku kwetu naujua. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, taa zao hazina kazi. Siku hizo hakuna mabaki ya mwaloni. Paka waliokuwa wanashiba wiki nzima wanalala njaa, wanapigana, na hapo ndipo chafya zinarudi. Mimi huweka akiba ya dagaa wakavu kwa siku za mbalamwezi.

DAKTARI: Hiyo ndiyo dawa, mama, na haiuzwi dukani. Kingine ni jike. Anayezaa kila baada ya miezi michache anaamsha virusi kila mara, na kila uzao unaambukizwa. Akifungwa kizazi kwa upasuaji mdogo, mlango wa maambukizi mapya umefungwa hapo nyumbani. Chanjo ya mafua ya paka ipo, huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Haizuii asiambukizwe, inazuia asiumwe vibaya. Isichanganywe na ya kichaa cha mbwa, hiyo ni kinga nyingine kabisa, nayo paka anaihitaji pia.

MZEE: Na yule ambaye hata kwa maji na dagaa hafufuki? Zamani tulikuwa tunatia kwenye kiroba, tunapeleka ziwani. Nasema kweli, tulifanya.

DAKTARI: Kuna wa kupumzishwa, Mzee, sikatai. Asiyekula siku nzima na usiku, anayehema kwa mdomo wazi, aliyepoa mwili hata ukimpasha, macho yote mawili yametoboka. Huyo mlete, sindano moja, analala, haumii. Kiroba na ziwa ni mateso, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, hata akiwa wako.

MZEE: Nimesikia. Sitasema nimebadilika, maana ng'ombe bado ni ng'ombe. Fedha ya daktari kwa paka sitatoa. Ila maji ya chumvi hayana bei. Hilo nitamwambia mjukuu afanye.

MAMA: Mzee wangu, hiyo ni nusu ya safari. Mafuta ya tetrasaiklini nitakupa mimi.

Mimi niko upande wa Mama, na sababu yangu si huruma peke yake, ingawa huruma ninayo. Tumezoea kupima uuguzi kwa swali moja: amepona au hajapona? Kwa ugonjwa huu kipimo hicho kinatudanganya. Kinamfanya mtu aache dozi jicho likifunguka, au akate tamaa kamasi likirudi, au akimbilie matone yatakayoficha wekundu. Kipimo sahihi kwa wiki zile za mwanzo ni vitu viwili: kioo cha jicho kibaki kizima, na mtoto aendelee kula na kuongezeka uzito. Vikisalimika hivyo, mafua yatakayobaki ni ya kuishi nayo, na paka mwenye mafua ya kudumu ni paka kamili wa nyumbani, wala hastahili kutupwa jalalani au kupelekwa ng'ambo ya barabara awe wa mwingine. Vikipotea hivyo, hata pua ikikauka kabisa, umebaki na kipofu au maiti.

Kwa hoja ya fedha, nampa Mzee haki yake: asiye na kitu asilaumiwe kwa kukosa doksisaiklini ya wiki nne. Lakini sehemu kubwa ya alichokieleza Mama inahitaji kuni, chumvi, pamba na mtu mwenye subira. Hapo hakuna wa kujitetea kwa umaskini.

Kwa hiyo nawaomba wenye paka wa Kigera, Makoko, Nyasho na kote Musoma: mtoto wa paka akifunga jicho leo, mfute leo. Na kabla ya kumtia tone la kwanza kutoka kwenye chupa yoyote, soma jina la dawa kwenye boksi. Ukiona neno linaloishia na «sone» au «lone», kama deksamethasoni na prednisoloni zinavyoandikwa kwa Kiingereza, usimtie. Irudishe ulikoinunua, uombe mafuta ya tetrasaiklini.